Daikiri yangu haitulii: vipimo vilevile, ladha kila siku tofauti

Mgeni wa Sheka:

Wakuu, habari za wikendi. Nina tatizo dogo ambalo limeshakula chupa nzima ya ramu.

Mwezi uliopita shemeji yangu alinitengenezea daikiri, na tangu siku hiyo sijatulia. Ilikuwa baridi hadi meno yaliguna, ina ukali wa ndimu lakini haikuni, ina utamu lakini hainati mdomoni. Kwa kiherehere changu nikajitapa kwamba safari ijayo ni zamu yangu. Safari ijayo ni Jumamosi baada ya hii inayokuja.

Vitu ni vitatu tu: ramu nyeupe, ndimu na sukari. Nikasema kitu cha vitu vitatu kitanishindaje? Kimenishinda. Nimetengeneza mara saba na zote nimeziandika kwenye daftari. Ya kwanza ilikuwa kali, jicho moja likafumba lenyewe. Ya pili tamu kama dawa ya kikohozi ya watoto. Ya tatu ilikuwa nzuri kwelikweli, nikamwita mke wangu aje awe shahidi. Ya nne nikafuata yaleyale ya tatu bila kubadilisha kitu, ikawa kali tena. Ya tano na ya sita sikumaliza. Ya saba ilinukia samaki. Naapa sikuweka samaki.

Ninavyofanya: ramu toti mbili (toti yangu ni ya mililita 30), juisi ya ndimu moja, shira ya sukari kijiko kikubwa kimoja, na vipande vitatu vya barafu kutoka friza. Natikisa kwenye chupa ya jamu sekunde tano hivi, nachuja, nakunywa. Barafu naweka chache na sitikisi sana kwa sababu sitaki kuizimua. Mtu hanunui ramu ili anywe maji.

Sasa niambieni, nini kinabadilika wakati mimi sibadilishi kitu? Ni ramu? Nitafute ya daraja la juu zaidi?

Naomba kuwasilisha.

Kona ya Kushoto:

Mkuu, hiyo ya saba usiimwage, iongezee nyanya na kitunguu.

Mimi sina utaalamu, ila kwa hali ilivyo mpe shemeji soda, heshima yako ibaki. Nimekaa hapa nasubiri wajuzi.

Dada wa Kaunta:

Mgeni, iache ramu ipumzike, haina kosa.

Nimesimama nyuma ya kaunta miaka 11. Siku ya kwanza kuomba kazi, meneja hakutazama vyeti wala hakuuliza nilikotoka. Alisema tu, "Nitengenezee daikiri." Akaonja, akaimwaga kwenye sinki, akasema rudia. Nilirudia mara nne. Wakati ule niliona ananionea, baadaye na mimi nikaanza kuwapima wanaoomba kazi kwa kinywaji hichohicho. Ukikosea kidogo kwenye kinywaji chenye nanasi na tui la nazi, nanasi litakusitiri. Hapa nani akusitiri?

Unasema hubadilishi kitu. Unabadilisha karibu kila kitu, isipokuwa ramu.

Tuanze na hiyo "ndimu moja". Ni kipimo cha nani? Chukua ndimu sita, kamua kila moja kwenye kikombe chake, pima kwa mililita, halafu uje utusomee majibu. Sitaki uniamini kwa maneno. Na uhakikishe ni ndimu, maana kuna wanaoita kila tunda chachu ndimu, na wengine kwao kila kitu ni limau. Mimi nasema lile dogo la kijani lenye ganda jembamba, siyo lile la njano lenye ncha. Uchachu wa limau karibu wote ni asidi ya sitriki. Ndimu ina hiyo pamoja na asidi ya maliki, ileile inayokufanya uwe na mate ukiuma tofaa bichi. Ukiweka limau utapata kinywaji, lakini sicho hiki.

Kamua siku hiyohiyo, na usiibane ndimu mpaka ilie. Ukiminya ganda kupita kiasi unapata uchungu. Watu wanachanganya uchungu na uchachu. Uchachu ukizidi sukari inautuliza. Uchungu ukiingia umeingia.

Shira yako uliipika vipi? Na je, ni ileile tangu ya kwanza hadi ya saba, au iliisha ukapika nyingine? Nijibu hilo kabla sijaendelea, nina shaka zangu.

Sasa maji, na hapa nikae kidogo, kwa sababu ndipo hasa ulipoanguka.

Wewe unaogopa maji. Wanaoanza wote wanaogopa maji. Lakini barafu haipoozi kinywaji kwa kukitazama, inakipooza kwa kuyeyuka. Joto lililomo kwenye ramu yako linatumika kuigeuza barafu kuwa maji, na ndipo kinywaji kinaposhuka baridi. Ubaridi na maji vinakuja kwa mlango mmoja. Ukitaka ubaridi wa shemeji yako, lazima umkaribishe na mwenzake.

Tena daikiri bila maji ni dawa. Piga hesabu: ramu mililita 60, ndimu 22, shira 15, jumla 97. Kikichujwa kwenye glasi kinatakiwa kiwe karibu 140. Hizo 40 na kitu ni maji ya barafu, na ni sehemu ya kinywaji kama ramu ilivyo sehemu ya kinywaji. Ndiyo yanayotawanya ule ukali ukasikia harufu ya miwa. Sekunde tano na vipande vitatu ndiyo maana jicho lilifumba.

Cha ajabu ni kwamba barafu chache ndiyo inayokuharibia zaidi. Ukiweka vipande vitatu kwenye kinywaji chenye joto la chumba vinayeyuka upesi na bado kinywaji hakijapoa vya kutosha. Jaza sheka (kile chombo cha kutikisia) barafu, itoke friza ikiwa kavu, siyo ile iliyokaa mezani inachuruzika. Tikisa kwa nguvu sekunde 12 hadi 15. Usitikise kama unambembeleza mtoto, barafu igonge huku na huku uisikie. Ukishika chuma na kiganja kikaanza kuuma, umefika. Kikitoka hapo kinakuwa chini ya nyuzi sifuri, kama hasi tano hivi, na hakigandi kwa sababu ya pombe na sukari.

Chupa ya jamu achana nayo kama unaweza. Kioo na barafu na nguvu hazipatani, na hewa ya ndani ikipoa mfuniko unajibana, utashinda jikoni unagombana nao mbele ya mgeni. Kama huna namna, ifunge kwa taulo.

Samaki: ni barafu. Barafu inanusa kila kitu kilichomo friza. Imwage yote, osha trei, gandisha mpya siku moja kabla, funika.

Anza na 60, 22, 15. Onja kwa mrija kabla ya kutikisa: chovya, ziba juu kwa kidole, dondoshea ulimini. Kabla ya barafu kinatakiwa kikuonekee kikali na kitamu kupita kiasi. Onja tena baada ya kutikisa. Kikikosea, badilisha kitu kimoja tu, kwa mililita 3. Ukibadilisha viwili kwa pamoja hutajua nani kakuponya.

Hesabu Kwanza:

Dada amenigusa kwenye shira, naomba niongeze kabla Mgeni hajajibu, kwa sababu hili liliniumiza mimi pia.

Mapishi mengi husema "shira" bila kusema ya uzito gani. Ukipima kwa vikombe, sukari viwili maji kimoja, kijiko kikubwa (mililita 15) kinabeba sukari karibu gramu 12. Ukipika ya kikombe kwa kikombe, kijiko hichohicho kinabeba karibu gramu 8. Tofauti ni gramu 4, yaani kijiko cha chai cha sukari, ndani ya kinywaji kidogo namna ile. Kwa macho huioni, zote ni maji meupe kwenye chupa.

Mimi napima kwa mizani: sukari gramu 200, maji gramu 200, moto mdogo mpaka iyeyuke, isichemke sana maji yakapotea. Mililita 15 zake zina sukari kama gramu 9. Shirika la kimataifa la wahudumu wa baa, IBA, linaandika daikiri kuwa ramu nyeupe ya Kuba mililita 60, juisi ya ndimu 20 na vijiko viwili vya baa vya sukari laini. Ukiihesabu hiyo sukari, inaangukia hapohapo alipo Dada.

Na andika tarehe kwenye chupa ya shira. Ikianza kuwa na ukungukungu, mwaga.

Mgeni wa Sheka:

Wakuu, nimerudi na aibu yangu.

Ndimu sita nilizonunua kwa pamoja, kubwa zisizo na mbegu, nikiziangalia naona zinafanana. Majibu kwa mililita: 14, 31, 22, 18, 27, 25. Ile ya 31 imezidi mara mbili ya ile ya 14! Na zote kwangu zilikuwa "ndimu moja".

Shira: Dada, umejuaje? Ya kwanza nilipika vikombe viwili kwa kimoja. Iliisha baada ya ya tatu. Nikapika nyingine haraka, sukari imebaki kidogo, kikombe kwa kikombe, nikaitia kwenye chupa ileile. Kwenye daftari nimeandika "shira" tu. Ndiyo maana ya nne ikawa kali wakati ya tatu ilikuwa njema.

Jana nilifanya majaribio mawili, vyote vimepimwa 60, 22, 15. Kimoja nikatikisa kwa ujinga wangu wa zamani, barafu tatu sekunde tano. Kilipochujwa kilikuwa mililita 112, vuguvugu, na kinachoma. Cha pili nikajaza barafu, sekunde 13, nikapata 141. Nimekaa nacho nakitazama. Kina povu jembamba juu na vipande vidogo vya barafu vinaelea. Nilidhani kile cha maji mengi ndicho kitakachopwaya, kumbe kile cha maji machache ndicho kilichokuwa kama vitu vitatu vilivyogombana.

Swali: bado kwangu ni kikali kidogo. Niongeze shira au nipunguze ndimu?

Dada wa Kaunta:

Ongeza shira, fika 18. Ndimu iache ilipo kwanza, ukiipunguza utapoteza na harufu. Kuna njia nyingine, chembe tatu nne za chumvi, nasema chembe, siyo kubana kwa vidole. Husikii chumvi, unasikia ukali umekaa chini.

Hivyo vipande vya barafu vinavyoelea, ukivichukia pitisha kwenye chujio la chai. Mimi navichukia. Vinaendelea kuyeyuka, ukifika nusu ya glasi kinywaji kimelegea. Wapo wanaovipenda, sigombani nao sana.

Glasi umeiweka friza? Hujasema. Glasi ya joto la chumba inakula kazi yote ya mikono yako ndani ya dakika. Na kumbuka ulimi uliopoa hausikii utamu vizuri, kwa hiyo kikianza kupata joto kitaonekana kitamu zaidi. Usikirekebishe kikiwa nusu glasi, kirekebishe kikiwa kibichi.

Mzee Asiyetumia Shira:

Nawasalimu. Nimewasoma vijana, mnapima vizuri, lakini mnaniudhi na hizo shira. Daikiri ni sukari ya mchanga. Weka sukari kwenye sheka, mimina ndimu juu yake, koroga mpaka punje ziishe, ndipo ramu. Utaratibu huo una maana: sukari inayeyuka vizuri kwenye juisi, ukishaweka ramu inakuwa mvivu. Hamuongezi maji ya shira, mnaongeza ya barafu tu.

Na historia kidogo. Daiquirí ni mahali, karibu na Santiago de Cuba, palipokuwa na machimbo ya chuma. Mhandisi Mmarekani aitwaye Jennings Cox ndiye anayetajwa kuanzisha jina hili miaka ya mwisho ya 1890. Kuna hadithi kwamba wageni walikuja, pombe ya jini (gin) ikamwishia, akashika ramu iliyokuwepo. Hadithi za baa zote ziko hivyo, mtu anaishiwa kitu halafu anakuwa maarufu. Wacuba walikuwa na ramu, ndimu na sukari kabla Cox hajazaliwa, sidhani kama walikuwa wanaviangalia tu. Mwaka 1909 ofisa wa jeshi la maji la Marekani, Lucius Johnson, akakipeleka kwenye klabu ya maofisa jijini Washington, na huko kikaenea.

Sasa Mgeni, usijisikie vibaya. Mapishi yanayohusishwa na Cox mwenyewe ni ya watu sita, na yanasema juisi ya malimau sita (ndivyo yalivyoandikwa), vijiko sita vya chai vya sukari, vikombe sita vya ramu, na vikombe viwili vidogo vya maji ya madini! Yeye pia alihesabu matunda. Na maji aliyaweka kwa mkono wake, bila kuogopa.

Kona ya Kushoto:

Vikombe sita kwa watu sita? Machimbo yalifanya kazi kesho yake?

Mzee Asiyetumia Shira:

Vikombe vidogo, kijana. Natumaini.

Dada wa Kaunta:

Mzee shikamoo. Kwenye sukari ya mchanga sikubishii, ikiwa laini na mtu ana subira. Nyumbani, glasi mbili, fanya hivyo, inapendeza. Ijumaa usiku watu 40 wamekuegemea kaunta, utakoroga punje mpaka lini? Shida nyingine, sukari ya kawaida yenye punje kubwa isipoisha inabaki chini ya sheka, mtu anakunywa kikali huku utamu umeachwa kwenye sinki. Mgeni amepata mateso ya kutosha, tumwachie shira yake.

Hesabu Kwanza:

Swali la pembeni. Nasikia Hemingway, yule mwandishi Mmarekani, alikuwa anakunywa ya kwake bila sukari kabisa. Hiyo usawa wake uko wapi?

Mzee Asiyetumia Shira:

Pale El Floridita, Havana, ndiyo. Ramu maradufu, bila sukari. Baadaye jina lake likapewa daikiri yenye juisi ya balungi na likia ya maraschino (pombe ya cheri), na hiyo likia ni tamu, kwa hiyo utamu umeingia kwa mlango wa nyuma. Aliyeipa baa ile sifa ni Constantino Ribalaigua, bingwa wa daikiri ya barafu iliyosagwa. Ukitaka kujua usawa soma mikono ya Constantino, siyo koo la mteja wake.

Mgeni wa Sheka:

Wakuu, ripoti.

Shemeji alikuja Jumamosi. Barafu ilikuwa mpya, glasi mbili ziko friza tangu asubuhi, shira ya mizani ina karatasi yenye tarehe, sheka ya chuma nimeazima. Ndimu nilikamua saa moja kabla, nikapima zikiwa zimechanganyika. 60, 22, 18. Sekunde 14, mke wangu akihesabu kwa sauti kutoka sebuleni kama refa wa ndondi. Chujio la chai nikalipitisha, Dada, nimeona tofauti, ilikaa kwenye glasi kama hariri.

Akanywa fundo moja. Akanyamaza. Akanywa la pili, akauliza ramu gani. Nikamwonyesha chupa, ya kawaida tu, ileile niliyotaka kuilaumu hapa. Akaitazama mbele na nyuma kama anatafuta siri.

Akamaliza, akasogeza glasi kuomba ya pili, halafu akasema, "Nzuri. Ndimu imezidi kidogo sana." Mimi nilionja na kwa kweli yuko sahihi. Nikaongeza shira hadi 20 kwenye ya pili, ikawa tamu lakini ule mkwaruzo haukuondoka. Nimepima kila kitu, nimekosea wapi tena?

Dada wa Kaunta:

Hongera, mtu hasogezi glasi kwa adabu. Ndimu za Jumamosi zilikuwa zipi? Kubwa zisizo na mbegu kama za majaribio, au zile ndogo?

Mgeni wa Sheka:

Ndogo, mviringo, mbegu tele. Kubwa zilikuwa zimeisha.

Dada wa Kaunta:

Ndogo zina asidi zaidi na harufu kali zaidi. Mililita 22 za hizo siyo 22 za zile. Shira irudishe 18, ndimu weka 20, onja kwa mrija.

Mgeni wa Sheka:

Nimeweka 20. Naandika hivi glasi ikiwa mkono wa kushoto. Mke wangu anauliza yake iko wapi.